Mstari wa rap si ungamo! Acheni kuburuza mashairi mahakamani

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa. Kwa nini mchanaji wa hip-hop ndiye anayechukuliwa kwamba kila alichoandika amekitenda?

Mwaka 1973 Bob Marley aliimba kwamba kampiga risasi sherifu, yaani mkuu wa polisi wa eneo. Nani alimfungulia kesi? Dunia nzima inaitikia mpaka leo. Lakini kijana wa Atlanta au London akitaja bunduki kwenye ngoma, mistari yake inachapwa kwenye karatasi na kusomwa na mwendesha mashtaka bila biti, bila pumzi ya mchanaji, mbele ya raia walioteuliwa kuamua kesi, ambao pengine hawajawahi kusikiliza rap hata siku moja. Kejeli na majigambo yote yanageuka maelezo ya polisi! Mwanafunzi yeyote wa fasihi anafundishwa kwamba nafsineni, yaani anayezungumza ndani ya shairi, si lazima awe mshairi mwenyewe. Kwa hip-hop somo hilo linasahaulika ghafla.

Kwenye kesi ya mchanaji Young Thug huko Georgia, Marekani, Novemba 2023 jaji aliruhusu baadhi ya mistari itumike kama ushahidi. Najua mtaniambia baadaye alikiri baadhi ya mashtaka. Sawa. Kama kuna silaha, mashahidi na rekodi za simu, leteni hivyo. Mwenye ushahidi wa maana anahangaika na kiitikio cha nini?

Uingereza ndiyo wamevuka mpaka kabisa. Digga D, mchanaji wa drill (aina ya rap), aliwekewa amri ya mahakama mwaka 2018: kila akipakia muziki mtandaoni, awaarifu polisi ndani ya saa 24. Polisi wamekuwa wahariri wa mashairi, na watu wanaona ni jambo la kawaida!

Na mwaka huohuo wa 2018, mchanaji Kendrick Lamar alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani ya uandishi na muziki. Yaani mnapotaka kujisifu, hii ni sanaa. Mnapotaka mfungwa, ni maungamo.

Kinachoniuma zaidi ni kesho. Mwaka 1982 kundi la hip-hop la Grandmaster Flash and the Furious Five walitoa ngoma iliyoeleza vioo vilivyovunjika, panya, madeni na watu kukata tamaa, na wasiowahi kukanyaga Bronx, New York, wakajua kunaendeleaje. Nguvu ya muziki huu ni hiyo, kusema yanayotokea mtaani kwa kinywa cha aliye mtaani. Kijana anayeanza leo akiogopa kila neno litamrudia kizimbani, atachana nini? Magari na saa tu. Halafu nyie nyie mtalalamika hip-hop imekosa ujumbe.

California ilipitisha sheria mwaka 2022. Haipigi marufuku mashairi mahakamani, inamtaka jaji apime kwanza kama yanathibitisha chochote au yanachochea chuki tu. Hilo ni dogo mno kuomba. Mahakama nyingine zinasubiri nini?