Naomba ushauri: gazeta au roʻznoma?

Habari zenu wakuu. Naandaa faharasa ndogo ya Kiuzbeki na Kiswahili kwa wanaosoma magazeti ya Uzbekistan, nami nimekwama.

Kiuzbeki kilipofanywa lugha rasmi ya dola mwaka 1989, waandishi wa habari walianza kuacha maneno ya Kirusi na kurudia yenye asili ya Kiarabu na Kiajemi. Mengine yalishika: oblast ikawa viloyat, ndugu kabisa wa wilaya yetu, ila kwao ni mkoa! (Wilaya wanaiita tuman.) Mengine yalififia. Gazeta (gazeti) ilipewa roʻznoma, universitet (chuo kikuu) ikapewa dorilfunun, aeroport (uwanja wa ndege) ikapewa tayyoragoh, lakini katika habari za sasa nakutana zaidi na yale ya Kirusi.

Nilijaribu kuyapanga kwa asili ya neno, rafiki aliyenisomea akapotea njiani. Inaniuma kuyatupa yale yaliyofifia, maana magazeti ya miaka ya 1990 hayasomeki bila hayo.

Sasa naomba mnisaidie: kitomeo kikuu (neno linaloongoza maelezo) kiwe neno linalotumika leo, au jozi nzima iwekwe pamoja? Na viloyat niitafsiri mkoa bila maelezo, au niweke tahadhari papo hapo?

Natanguliza shukrani.