Kihamba Chetu: kikundi cha familia, Krismasi

23 Desemba

Baba Neema: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nipo stendi ya Mbezi tangu saa kumi na moja alfajiri. Mabasi ya Moshi yamejaa mpaka ya tarehe 26. Kuna kijana ananiuzia kiti cha pembeni ya dereva kwa bei mara mbili. Nimemwangalia tu.

Dada Mkubwa: Tulisema tiketi ikatwe Novemba.

Baba Neema: Dada, Novemba ilikuwa ada ya Neema.

Ndeshi: Treni je?

Baba Neema: Treni nayo hivyo hivyo. Wachaga wote wanakwenda kuhesabiwa 😂

Dada Mkubwa: Cheka tu. Soma Luka 2. Kila mtu alikwenda kuandikwa mjini kwao, na waliochelewa wakalala zizini.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:42)

Ndeshi: Mama, niko wodini siwezi kufungua sauti. Eliya mwandikie Bibi.

Eliya: Bibi anasema msigombane na mabasi. Mwaka huu hakuna sherehe, Babu hajamaliza hata mwaka tangu tumzike. Yeye na mimi tutapika mtori, tutasali, tutalala. Mbuzi asichinjwe. Anasema pia Dada Mkubwa usitume hela ya soda, soda ya nini.

Shangazi Arusha: Wifi, mimi nakuja kesho hata ukifunga geti. Nashukia Kwa Sadala saa nane. Eliya aje na toroli.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:04)

Eliya: Hapo amecheka tu.

24 Desemba

Eliya: 📷 Picha

Dada Mkubwa: Huo ndio mti wa Krismasi?

Eliya: Ndiyo Mama. Ni tawi la mti wa kwenye mfereji. Pamba nimetoa kwenye kabati la dawa. Maputo ni yale yaliyobaki kwenye kipaimara changu, moja linaishiwa upepo.

Ndeshi: Ni mzuri kuliko yote ya huku. Hapa Leipzig saa kumi na moja jioni ni giza totoro. Wao sherehe yao ni leo jioni, zawadi zinafunguliwa leo leo. Mimi naingia zamu ya usiku. Kanisani huku ukisema Machame wazee wanaijua, maana wamisionari wa Leipzig ndio waliokuja kwetu 1893. Ila ukiwaambia kwamba baada ya ibada tunapigia mnada mayai na mikungu ya ndizi, wanadhani unatania.

Baba Neema: Na Baba alivyokuwa mnadani! Mama anatoa mkungu wake wa mshare, Baba anaununua yeye. Kila mwaka. Kuna mwaka alilipa 70,000 kwa mkungu uliolala kwenye shamba la kihamba chake mwenyewe.

Shangazi Arusha: Nilimuuliza kaka, una akili? Akasema, "Nikiacha mwingine aununue, wifi yako atapika nini kesho?"

Ndeshi: 😭😂

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:31)

Eliya: Bibi anasema mkungu upo, ameshaukata. Ni wa ule mgomba wa nyuma ya jiko alioupanda Babu. Anasema pia ng'ombe amezaa saa tisa usiku. Ndama jike! Tumekesha naye na taa, Bibi alikuwa anaimba zizini.

Dada Mkubwa: Mama kuimba? Tangu msiba sijamsikia.

Eliya: Aliimba pole pole. Nilijifanya nashika kamba.

25 Desemba

Baba Neema: Heri ya Krismasi nyote. Sisi Dar tumekula pilau saa nne asubuhi kama watu wasio na kwao.

Shangazi Arusha: Nipo benchi la nyuma, simu kwenye pochi. Wifi amevaa ile kitenge ya bluu. Mchungaji amemtaja kaka kwenye maombi, wifi hakulia, mimi ndiye niliyelia.

Eliya: Mnada umeanza. Andikeni haraka, mzee wa kanisa ananiangalia. Kuku ameondoka kwa 40,000. Sasa ni mkungu wa Bibi.

Baba Neema: Eliya, huo hautoki nje. Anza 20,000. Natuma kwenye simu ya Bibi sasa hivi.

Eliya: Nimenyoosha mkono. Kuna mtu amesema 30.

Dada Mkubwa: Sema 40 mwanangu.

Eliya: 50. Ni yule babu wa ng'ambo ya mfereji.

Baba Neema: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Arusha: Nimeusoma kabla hujaufuta. Lugha, mwanangu. Mama yako yumo humu.

Baba Neema: Lakini Shangazi! Huyu mzee ametusogezea masale, ile mimea ya mpaka, miaka miwili hawakusalimiana na Baba, mazishini alisimama barabarani. Leo anataka na mkungu wa Mama?

Ndeshi: Sijalala tangu jana. Eliya, 80. Mimi nitalipa.

Eliya: Amesema 100.

Dada Mkubwa: 110.

Eliya: 150. Kanisa zima limeguna.

Baba Neema: Anatukomoa.

Dada Mkubwa: Acheni. Hela hiyo ni ya kanisa, hatujapungukiwa kitu. Eliya shusha mkono.

Eliya: Umekwenda. 150,000. Bibi ameinamisha kichwa.

Ndeshi: Naenda kulala. Mniwie radhi, nimekasirika siwezi hata kusali.

(saa tisa alasiri)

Shangazi Arusha: Mpo?

Dada Mkubwa: Nipo Shangazi. Mama mzima?

Shangazi Arusha: Mzima. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za kawaida, mbwa akabweka. Ni yule mzee. Ameubeba mkungu begani mwenyewe, hakumpa mjukuu. Ameuweka pale kibarazani kaka alipokuwa anakaa na redio yake. Umefungwa jani la isale.

Baba Neema: Isale?

Shangazi Arusha: Isale, Baba Neema. Mchaga akikuletea isale unajua anaomba msamaha, na hukatai.

Dada Mkubwa: Amesema nini kwa mdomo?

Shangazi Arusha: Hakusema mengi. Amesema alikuwa anangoja ndugu yake, yaani kaka, apone mguu ndipo aje, na ndugu yake akamtangulia. Wifi akamkaribisha ndani. Akakataa kwanza, akalifungua lile jani, akauliza kaburi lipo upande gani, kana kwamba halioni kila siku kutoka kwake. Ameenda kulichomeka pale. Tumemwacha peke yake.

Baba Neema: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Baba Neema: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Dada Mkubwa: Andika tu.

Baba Neema: Sina la kuandika Dada.

Eliya: Amerudi. Anakula mtori, bakuli la pili. Anasema umekosa chumvi, Bibi anamwambia ni presha. Sasa wanabishana ndama wetu aitwe nani. Nimemwonyesha mti wangu, akalipuliza lile putu lililokuwa limeishiwa upepo.

Eliya: Putuo. Puto. Samahani, simu hii.

Ndeshi: Nimeamka sasa hivi nimesoma yote. Aika, asante Shangazi. Nipigieni video nimwone Mama.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:22)

Eliya: Bibi anasema bando limebaki dogo, mumpigie ninyi. Na Mjomba, anauliza mbuzi achinjwe tarehe 27 au hapana. Kidari cha Babu ni chako sasa, hawezi kukiweka mpaka Pasaka.

Baba Neema: Mwambie achinjwe. Nimerudi stendi, nimepata kiti cha kesho.

Dada Mkubwa: Kipi?

Baba Neema: Cha pembeni ya dereva.

Dada Mkubwa: Bei?

Baba Neema: Dada, usiulize.