Naomba ushauri: mgeni mwenye viza ya matembezi anaruhusiwa kufundisha tuisheni ya Kiingereza?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Moshi, Majengo. Nyumbani kwangu amepanga dada kutoka Uingereza, mwalimu wa Kiingereza. Aliingia kupitia KIA kwa viza ya kawaida ya dola 50, siku 90.

Majirani wamempenda, wanataka awafundishe watoto wao jioni sebuleni kwangu, kila mtoto alipe kidogo. Nami watoto wangu wawili wamo, kwa hiyo natamani sana lifanikiwe. Lakini naogopa. Najua viza ile hairuhusu kazi, na sheria ya ajira za wageni ya 2015 inadai kibali cha kazi, mbali na kile cha ukaazi cha Uhamiaji. Tulifikiria afundishe bure, ila hata wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja C, tena kupitia taasisi, na sisi hatuna taasisi.

Je, kuna aliyewahi kumwombea mwalimu binafsi kibali akiwa hana shule inayomwajiri? Na mimi mwenye nyumba, nikiruhusu masomo yafanyike kwangu, naingia hatiani? Viza yake imebakiza wiki tano.