Hivi kule Marekani nani hasa mwenye maamuzi? Rais, bunge au watumishi wa wizara?

MtuWaGungu (Kigoma)

Wakuu habari za jioni. Nina swali limenikaa muda mrefu, naomba wenye uelewa na serikali ya Marekani mnisaidie.

Nilikuwa kwenye mradi wa afya hapa mkoani, hela yake inatoka kwa Wamarekani. Mwishoni mwa Januari 2025 ikaingia imeili kwamba kazi zote zisimame, yani siyo zipunguzwe, zisimame. Gari zikapaki, wenzetu waliokuwa vijijini huko Uvinza wakapigiwa simu warudi mjini, maboksi ya vipimo yakabaki stoo. Ukimuuliza bosi anasema anasubiri maelekezo ya Washington, na bosi wake wa Dar naye anasubiri hayohayo.

Sasa shule tulifundishwa kwamba kule bunge ndo linashika hela, na hela ya ule mradi ilishapitishwa. Inakuwaje rais anasaini karatasi moja kila kitu kinasimama? Afu tukasikia jaji kasema walipe, mara Mahakama ya Juu nayo imesema yake. Wengine wanadai watumishi wa wizara ndo wanaendesha nchi na marais wanapita tu. Sijaja kwa ushabiki wa chama chochote, nataka kuelewa mfumo maana umegusa sahani ya watoto wangu. Nawasilisha.

Mwl_Ipuli (Tabora)

Pole sana mkuu. Nafundisha historia na GS (General Studies) sekondari hapa Tabora, ngoja nijaribu, itakuwa ndefu kidogo.

Anza hapa: wizara za kule zinaundwa na sheria ya Kongresi, yani bunge lao, siyo na rais. Sheria ndo inasema taasisi ipo na kazi yake ni hii, na kila mwaka wa fedha (wao unaanza Oktoba 1, siyo Julai 1 kama sisi) Kongresi inatenga hela. Rais anateua wakubwa wa juu na anawapa mwelekeo. Wizara ziko 15, ya Mambo ya Nje ipo tangu 1789 na changa kuliko zote ni ya Usalama wa Ndani, sheria yake ya 2002 baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11. Ukiacha posta, watumishi raia wa serikali kuu ni zaidi ya milioni 2 na wengi hawako Washington, wametawanyika majimboni. Katika wote hao rais mpya anaweza kuweka watu wake kama 4,000 hivi, na katika hao elfu moja na ushee lazima wapite Seneti kwanza, yani moja ya nyumba mbili za hilo bunge. Waliobaki wanaajiriwa kwa sifa, rais anakuja anaondoka wao wapo.

Tofauti na kwetu ni kwamba hapa waziri ni mbunge, kule katiba inakataza, Marco Rubio aliacha useneta ndo akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Na hapa bunge likikataa bajeti rais anaweza kulivunja. Kule hana ubavu huo, hela isipopitishwa ofisi zinafungwa, kama 2025 walivyokaa siku 43 kuanzia Oktoba 1 huku waongoza ndege wanaingia kazini bila mshahara.

Hii ya kuajiri kwa sifa waliipata kwa damu. Toka enzi za Rais Andrew Jackson aliyeingia 1829 chama kikishinda kinagawia watu wake kazi za serikali mpaka kule posta. Mwaka 1881 jamaa mmoja, Charles Guiteau, alikuwa anajiona anastahili kazi ya ubalozi mdogo Paris, akawa anazunguka ofisini kwa wakubwa anaomba, wakamkatalia, akaenda kumpiga risasi Rais James Garfield stesheni ya treni Washington. Garfield aliugua miezi miwili na zaidi akafariki. 1883 ikapita Sheria ya Pendleton, kazi zitolewe kwa mtihani na mtu asifukuzwe kwa sababu hajachangia chama. Mwanzoni iligusa sehemu ndogo tu ya ajira, ikawa inapanuliwa taratibu.

Sasa mradi wako. Kama ulikuwa wa USAID, taasisi yao ya misaada ya nje, ile Rais Kennedy aliianzisha 1961 kwa amri yake, 1998 Kongresi ikaitambua kisheria. Januari 20, 2025 Trump akasaini misaada ya maendeleo isimame siku 90 ipitiwe upya, Machi Rubio akatangaza asilimia 83 ya programu zimefutwa, Julai 1 kilichobaki kikaingizwa wizarani kwake. Kilichowezesha yote hayo ni kwamba Kongresi inatenga hela lakini haina mkono wa kuilipa. Anayesaini mkataba, anayeidhinisha malipo, anayetuma ile imeili ya kusimamisha kazi, wote wako upande wa rais. Bunge linaweza kupiga kelele na kutunga sheria nyingine, ila kitufe cha malipo hakiko mezani kwake.

Na sheria ya kuzuia hilo ipo. Rais Nixon alikuwa anakalia hela zilizopitishwa, kwa hiyo 1974 wakatunga sheria kwamba rais asipotaka kutumia hela apeleke ombi Kongresi, zikipita siku 45 hawajakubali lazima aitoe. 2025 serikali ya Trump walichofanya ni kupeleka ombi la kama dola bilioni 4.9 mwishoni mwa Agosti, siku 45 haziishi kabla mwaka wa fedha haujafungwa Septemba 30 na hela nyingine hapo inakufa. Septemba 26 Mahakama ya Juu ikaruhusu kama bilioni 4 kati ya hizo zishikwe wakati kesi inaendelea. Ile nyingine uliyoisikia ni ya Machi 5, majaji 5 kwa 4 walikataa kuzuia agizo la jaji wa chini kwamba kazi zilizokwishafanyika zilipwe. Kwa hiyo hukusikia vibaya, ni maamuzi mawili ya vitu viwili tofauti.

Mkalimani_Kasulu (Kigoma)

Shikamoo mwalimu, umeeleza vizuri sana. Niongeze kwa upande wa kambi maana nimetafsiri usaili wa wakimbizi Nyarugusu na hapo ndo utaona serikali yao ilivyo vipande vipande.

Familia moja ya Wakongo kutoka kambini mpaka Marekani ilikuwa inapita wizara tatu. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikishapendekeza jina, faili linaandaliwa kwa mkataba na Wizara ya Mambo ya Nje. Afisa anayekuja kuwahoji na kusema ndiyo au hapana siyo wa wizara hiyo, ni wa Uhamiaji chini ya Usalama wa Ndani. Vipimo vya afya vinafuata masharti ya CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, ambayo iko Wizara ya Afya, na wakifika kule kuna ofisi ya kuwasaidia kuanza maisha ambayo nayo ni ya Afya. Kila kipande kina tarehe yake ya kuisha, cheti cha afya kikiisha ukaguzi wa usalama haujarudi unapimwa tena, ukaguzi ukipitwa na wakati unaanza tena, mama akijifungua katikati faili linasubiri mpaka mtoto aingizwe. Nimekaa na mzee mmoja anaangalia bahasha yake ya karatasi anazipanga kwa tarehe, ananiuliza mwanangu nani ameshikilia hii sasa hivi, na kusema kweli hakukuwa na mtu mmoja wa kumtaja.

Afu Januari 2025 ikaja amri nyingine ya siku ileile, ya wakimbizi, na safari zikafutwa mpaka za waliokuwa na tiketi mkononi. Ila hapa mwalimu naomba tuseme kwa haki, kwenye idadi ya wakimbizi Kongresi yenyewe ndo ilimpa rais nguvu kupitia sheria ya 1980, yeye ndo anapanga idadi ya mwaka baada ya kushauriana nao. Ilikuwa 125,000, kwa mwaka wa fedha 2026 akaweka 7,500. Siyo kila kitu anachofanya kwa kalamu ni kupora madaraka, vingine bunge lilimkabidhi lenyewe, na aliyeumia ni yule mzee wa bahasha.

Asali_Sikonge (Tabora)

Naomba na mimi nichangie maana watu wanaiona serikali ya Marekani kama amri za rais tu, wakati kazi kubwa ya zile taasisi ni kuandika kanuni. Nimekuwa nafuatilia masharti ya kupeleka asali kule. FDA, taasisi yao ya chakula na dawa, wanataka kiwanda kisajiliwe kwao na usajili uhuishwe kila baada ya miaka miwili, uwe na wakala anayeishi Marekani, na mzigo utolewe taarifa kabla haujafika, kwa meli masaa 8, kwa ndege masaa 4. Viwango vya mabaki ya dawa za kuua wadudu vinapangwa na EPA, taasisi yao ya mazingira, mzigo ukifika bandarini kuna forodha ambao wako Usalama wa Ndani. Sheria ya Kongresi ya 2002 ilisema taarifa itolewe, ila hayo masaa 8 na 4 yameandikwa na watumishi wa FDA, na yana nguvu ya sheria.

Na hawaandiki tu usiku wakaamka nayo. Kuna sheria ya 1946 inayowalazimisha wachapishe rasimu kwenye gazeti lao la serikali, watu watoe maoni, wajibu hoja za msingi ndo watoe kanuni kamili. Maoni anatoa yeyote, hata wewe ukiwa Sikonge na simu yenye bando unaweza kuandika. Uzuri ni kwamba hata kuifuta kanuni ni njia hiyohiyo. Serikali ya Reagan ilifuta kanuni ya mikanda ya kujifunga yenyewe na mifuko ya hewa kwenye magari, 1983 Mahakama ya Juu ikawaambia hamjatoa sababu za kueleweka, rudini. Kwangu hilo lina maana kubwa, maana mfugaji nyuki anahitaji kujua masharti ya mwaka huu hayatageuka kesho asubuhi.

Kibirizi_Juu (Kigoma)

Nawaheshimu wote ila sikubaliani na hii ya kuwasifia watumishi. Karani ambaye hajapigiwa kura na mtu anaandika kanuni yenye nguvu ya sheria, huyo anawajibika kwa nani? Rais kachaguliwa, akitaka kubadilisha mambo anakuta watu hawamtii na hawezi kuwatoa. Hata Mahakama ya Juu yenyewe Juni 2024 ilifuta ule msimamo wa 1984 kwamba sheria ikiwa na utata majaji wafuate tafsiri ya taasisi. Wameona zimezidi.

Mwl_Ipuli (Tabora)

Kibirizi hoja yako ni nzito na ndo ugomvi wenyewe ulipo. Ila angalia, ile hukumu ya 2024 ilihamishia tafsiri kwa majaji ambao nao hawajapigiwa kura. Na kuhusu kuwatoa, Oktoba 2020 Trump alisaini amri ya kuwahamishia watumishi wenye ushawishi kwenye sera kundi ambalo kuwafukuza ni rahisi, Biden akaifuta Januari 2021, Trump akairudisha Januari 2025. Mimi nasimama na upande wa 1883. Mtumishi akijua anaweza kutolewa kwa kumwambia mkubwa kwamba jambo hili sheria hairuhusu, basi hatamwambia. Rais apewe wale 4,000 wake wamsukumie ajenda, mpimaji wa dawa na mkaguzi wa nyama waachwe.

MtuWaGungu (Kigoma)

Asanteni sana wakuu, sasa naanza kupata picha. Swali la mwisho, kama hao waajiriwa wa sifa wanalindwa, mbona wa USAID waliondolewa wengi vile? Na sisi wa huku tulikuwa tunalindwa na nini?

Mkalimani_Kasulu (Kigoma)

Kaka, ulinzi wao ni wa kutofukuzwa mmojammoja bila sababu. Taasisi ikipunguza wafanyakazi kwa pamoja kuna utaratibu mwingine, kwa kawaida notisi ya siku 60 na kuangalia nani ana miaka mingi na nani alikuwa jeshini, na kesi kibao zilifunguliwa kupinga walivyofanya.

Wewe ni tofauti kabisa. Serikali ya Marekani haikukuajiri. Wao kazi nyingi wanazitoa kwa mkataba au ruzuku kwa mashirika, shirika ndo linaajiri. Tazama ukurasa wa kwanza wa mkataba wako aliyesaini ni nani, huyo ndo mwajiri wako na anabanwa na sheria yetu ya ajira ya 2004, haijalishi hela ilitoka wapi. Akipunguza watu kuna notisi, na kama ulimaliza mwaka mmoja kazini kuna kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka 10. Kupinga kuachishwa kule CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ni ndani ya siku 30, ukichelewa inabidi uombe kibali kwa kueleza sababu. Wewe walikulipa hivyo vyote?