Greater Idaho: mkihamisha mpaka, mshahara wetu mnauacha wapi?

Wakuu, niko Ontario, Kaunti ya Malheur, mashariki kabisa ya Oregon. Ukivuka daraja la mto Snake tu, umeingia Idaho. Leo nimetoka shifti nimechemka. Wakati wa mapumziko supavaiza kajisogeza kwenye meza yetu na kikombe chake cha kahawa, akaanza kutuhubiria jinsi maisha yatakavyonyooka siku kaunti hii ikihamia Idaho. Waliokuwa wanamsikiliza ni Wameksiko, Wakongo wawili na mimi Mtanzania, vumbi la maganda ya vitunguu limetujaa mpaka kwenye nyusi. Eti tufurahi!

Kwa ambao hawajafuatilia: kuna harakati inaitwa Greater Idaho, kiongozi wake mzee Mike McCarter wa La Pine. Wanataka upande wa mashariki ukatwe kutoka Oregon ukaunganishwe na Idaho, kwa sababu huku wengi ni Republican na jimbo linaendeshwa na Democrats. Eneo lenyewe ni karibu theluthi mbili ya ardhi ya Oregon, lakini watu hawafiki hata asilimia kumi. Tangu 2020 kaunti 13 zimeunga mkono wazo hilo kwenye sanduku la kura. Sisi Malheur ilikuwa 2021, asilimia kama 54. Wallowa 2023 walishinda kwa kura saba. Saba! Halafu unaambiwa "wananchi wameamua".

Na msidhani ni kama serikali ilivyoimega Mbeya 2016 tukapata Songwe. Pale mtu alilala Mbeya akaamka Songwe, sheria zilezile. Huku jimbo likibadilika, kila kitu kinabadilika.

Hasira ya hawa watu naielewa, nisiseme uongo. Salem, makao makuu ya jimbo, ni safari ya kukata siku, wakati Boise, makao makuu ya Idaho, unafika ndani ya saa moja. Hata saa zetu ni za Boise, si za Salem. Mwaka 2020 jimbo liliondoa kosa la jinai kwa anayekutwa na dawa za kulevya kidogo, uamuzi wa kura ya wananchi uliobebwa na kura za jiji kubwa la Portland, na 2024 wabunge wakaja kuurudisha nyuma. Sheria ya 2022 ya kubana bunduki nayo ilipita huku kwetu wakiikataa. Maseneta wa Republican wakasusia vikao wiki sita mwaka 2023, mahakama ikasema maseneta kumi waliosusia hawaruhusiwi kugombea muhula unaofuata. Ukiwa mfugaji wa huku unaona kabisa kwamba hata ukipiga kelele hakuna anayegeuka. Sawa.

Lakini mbona dawa ya hasira yenu inywewe na mimi?

Kima cha chini cha mshahara kwa kaunti za mashamba kama yetu kilifika dola 14.05 kwa saa Julai 2025. Idaho ni 7.25, haijasogea tangu 2009. Msinijie hapa na "hakuna mtu Boise analipwa 7.25". Najua. Watu wanalipwa zaidi kwa sababu leo wafanyakazi ni wachache. Kesho wakiwa wengi, nani atamzuia tajiri kushusha? Sheria ipo kwa ajili ya siku mbaya, si ya siku nzuri.

Mke wangu yuko shambani. Mwaka 2022 Oregon ilipitisha sheria ya ovataimu kwa wafanyakazi wa mashamba: kuanzia 2023 ukizidisha saa 55 kwa wiki unalipwa mara moja na nusu, 2025 zikashuka hadi 48, na 2027 zinakuwa 40. Idaho hakuna kitu kama hicho. Msimu wa kuvuna vitunguu saa 60 kwa wiki ni kawaida, pigeni hesabu wenyewe. Bado kodi ya mauzo: Oregon hatuna kabisa, Idaho ni asilimia 6, na unga na maziwa humohumo. Kweli, kodi ya mapato ya Oregon inauma kuliko ya Idaho. Inamuuma zaidi mwenye mapato makubwa, na huyo ndiye aliyekuwa ameshika kikombe cha kahawa.

Sasa vituko. Ontario imejaa maduka ya bangi, halali kabisa, na ukipita wikiendi maegesho yote ni magari yenye namba za Idaho, kwa sababu kwao ni marufuku. Mji unakusanya kodi pale. Kaunti hiyohiyo imepiga kura iende kwenye jimbo ambalo maduka hayo yatafungwa siku ya kwanza! Na gereza kubwa kuliko yote ya Oregon liko hapa Ontario, limeajiri mamia ya watu. Pensheni zao za jimbo zitakwenda wapi? Nimeuliza, nikajibiwa "zitajadiliwa".

Na yote haya kwa kitu ambacho hakina dalili ya kutokea. Katiba ya Marekani inataka mabunge ya majimbo yote mawili yakubali, kisha na Congress, yaani bunge la taifa. Wawakilishi wa Idaho walipitisha azimio la kukaribisha mazungumzo Februari 2023, kura 41 kwa 28, Seneti yao ikalikalia. Salem hata hawageuki. Mara ya mwisho kipande kikubwa cha jimbo kukatwa ilikuwa West Virginia ilipotoka Virginia, 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Colorado walijaribu kujitenga 2013, kaunti 11 zikapiga kura, tano zikakubali, ikaishia hapo. Sasa Indiana nao wameunda tume ya kuzitamani kaunti za Illinois.

Wakati huohuo ile kura ya 2021 iliwafunga makamishna wetu wa kaunti kukutana mara tatu kwa mwaka kujadili kuhama. Nyumba za kupanga hazipatikani. Daktari unamsubiri miezi. Hayo hayana kikao chake.

Na nyie ndugu zangu wa Boise mnaoniandikia "karibu Idaho, huku tupo Waswahili wengi": mimi nina green card, sipigi kura. Nyie wenye uraia mnapiga. Anzeni na hicho kima chenu cha chini. Kikifika dola 14, huo mpaka uleteni hata kesho.