Tupeane uzoefu: nusu marathoni ndani ya jiji lako mwenyewe

Mwanzisha mada
Wadau, habari za wikiendi. Jumapili nimemaliza nusu marathoni yangu ya kwanza, saa 2 na dakika 14, na njia yote ilikuwa ndani ya jiji nililozaliwa. Kabla ya siku yenyewe nilijipa moyo: kila kona naijua, kazi imeshapungua nusu. Weee! Kuna mwinuko njia ya kwenda kazini ambao miaka yote naupanda nikiwa kwenye basi, nimeinamia simu, wala sikuwahi kujua kama ni mwinuko. Tulifahamiana kilomita ya 16.

Kwa kumbukumbu tu, Jacob Kiplimo, yule mkimbiaji wa Uganda, alipokimbia dakika 57:31 kule Lisbon mwaka 2021 alikuwa kamaliza kilomita zote 21. Mimi kwa dakika hizo ndio kwanza natafuta kibao cha kilomita ya 9.

Haya, mliokimbia nyumbani kwenu, mlikutana na nini?

Mguu Mzito
Mkuu hongera. Mimi njia ilipita mbele ya geti langu, kilomita ya 13. Watoto wamesimama na bango, majirani wote nje. Ningefanyaje? Nikanyoosha mgongo, nikafyatuka kama naanza upya. Mita mia tatu za sifa. Nilipokata kona tu wasinione, pumzi hakuna, na kuanzia ya 17 mapaja yakawa mbao. Zile mita mia tatu nimezilipa kwa riba.

Halafu kuna kishawishi ambacho anayekimbia ugenini hakijui: kitanda changu kilikuwa hatua hamsini kutoka barabarani. Nilikiwaza kwa dhati kabisa.

Kona Kali
Nani mwingine saa yake ilimwambia kakimbia kilomita 21.4 badala ya 21.1? Msiwalaumu waandaaji. Njia rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, na anayepima hufuata njia fupi kuliko zote, kwenye kona anapita kama sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Juu ya hapo wanaongeza mita 1 kwa kila kilomita, ili njia isije ikaonekana pungufu ikipimwa tena. Sasa wewe unazunguka kona kwa nje, unapishana na watu, unakwenda upande wa pili kufuata maji, unategemea nini? Maghorofa nayo yanaichanganya saa, maana mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kabla ya kuifikia.

Mara yangu ya kwanza kasi yote niliipanga kwa saa. Ikaniambia 21.1, umemaliza. Nainua macho, mstari wa kumalizia uko kule. Nilitaka kukaa chini nilie. Siku hizi nafuata vibao vya barabarani, saa naiachia ihesabu dakika.

Fundi Bomba
Wanaume wenzangu, vaselini kwenye chuchu. Sitaeleza zaidi. Fulana ilikuwa nyeupe.

Mwanzisha mada
@Fundi Bomba 😂 pole sana kaka.

Wa Mwisho
Mimi sina muda wa kujisifia, nilimaliza nyuma ya wote, gari la kufunga msafara likinifuata taratibu kama polisi wa doria. Kosa langu lilikuwa maji. Niliambiwa kunywa, nikanywa kila kituo, vikombe viwili viwili, hata kiu sina. Tumbo likawa ndoo. Baadaye daktari akanionya kwamba maji yakizidi sana chumvi ya damu inapungua, na hilo ni hatari kuliko kiu yenyewe. Sasa nakunywa nikisikia kiu, basi.

Lakini niwaambie kitu. Ile barabara kuu ya katikati ya jiji nimeipita miaka thelathini, sijawahi kuisikia bila honi. Siku ile nilikuwa peke yangu katikati yake, kwenye mstari mweupe, nasikia raba zangu tu. Kuna dirisha la ghorofani mtu alikuwa anaosha vyombo, nikasikia vijiko. Akaniona, akapunga na sifongo. Nyuma yangu walikuwa wanaondoa vizuizi, magari yanarudi.

Mguu Mzito
@Wa Mwisho sisi wa mbele hatukuyaona hayo. Tuliona migongo ya watu.

Mwanzisha mada
Aliyeniuliza inbox kuhusu mazoezi: wiki 12, siku nne kwa wiki, mbio ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 18, wiki mbili za mwisho nikapunguza. Raba zilezile za mazoezi, sikuthubutu kuvaa mpya.

Swali langu sasa, kucha ya kidole gumba cha mguu imekuwa nyeusi ti. Niende ikang'olewe?

Kona Kali
Kama haiumi iache, itatoka yenyewe mpya ikishaota chini. Ikivimba au ikitoa usaha nenda hospitali. Na raba zijazo ongeza nusu namba.

Fundi Bomba
Na vaselini.