Bonanza la chini ya miaka 15 na kipindupindu kipo kata ya jirani: tucheze au tuahirishe?

Kocha_Mchangani:
Wakuu, habari za jukwaani. Tuna bonanza la Jumamosi na Jumapili, timu 8, kila timu wavulana 18. Kiwanja ni cha shule ya msingi, matundu ya vyoo 6, bomba moja la maji ya mgawo. Timu 3 zinatoka mbali, zilipangiwa kulala madarasani. Kipindupindu kimethibitishwa kata ya jirani wiki iliyopita, kwetu bado. Kamati imegawanyika: wengine wanataka tupime watu joto getini na kupulizia dawa kiwanja, wengine wanataka tufute kila kitu hadi msimu ujao. Tupime nini kabla ya kuamua?

AfisaAfya_Kata:
Kocha, anza na njia ya ugonjwa. Kipindupindu huingilia mdomoni: maji, chakula, mikono iliyotoka chooni. Kukabana na kupigana vikumbo si njia yake. Kipima joto getini hakitakusaidia kwa sababu mgonjwa wa kipindupindu kwa kawaida hana homa, na wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote ingawa wanatoa vimelea kwenye kinyesi kwa siku 1 hadi 10. Hayo ni mazoea ya enzi za korona. Kupulizia klorini kwenye nyasi nako ni kuchoma hela, jua na udongo vinaimaliza nguvu upesi. Ipeleke chooni na kwenye madumu.

Sasa maji. Wachezaji 144 pamoja na makocha na waamuzi ni kama watu 160. Kwa jua letu weka lita 3 za kunywa kwa mtu kwa siku, hiyo ni lita 480, andaa 500. Ni madumu 25 ya lita 20. Kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 kinatibu dumu moja la maji maangavu. Yakiwa na tope, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha weka viwili. Subiri dakika 30. Watu wanakosea hapa: wanatia kidonge mapumziko yakianza na watoto wanakunywa papo hapo. Tibu asubuhi, funika, mimina kwa koki. Kikombe kinachozamishwa ndoani na mikono ya watu 18 kinaharibu kazi yote. Kila mtoto na chupa yake yenye jina.

Maji ya kunawa ni hesabu nyingine, weka lita 300 na sabuni, ndoo zenye koki mlangoni mwa choo na si getini kwa ajili ya picha.

Vyoo ndivyo vinavyokukwamisha. Kipimo cha shule zetu ni tundu 1 kwa wavulana 25, kwa hiyo matundu 6 yanatosha wachezaji na watu wachache tu. Wakija watazamaji 500, vichaka nyuma ya goli vitakuwa choo. Na mvua ikileta maji ya vyoo kiwanjani, hapo msicheze kabisa.

Kwa ninavyoona: kulala madarasani kufutwe leo. Milo mitatu kutoka jiko moja, usiku kucha, na mtoto mmoja anayeharisha kimyakimya, ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwenye mpango wako.

Muuguzi_Zamu:
Naongezea upande wa mgonjwa. Kuanzia kuambukizwa hadi dalili ni saa chache hadi siku 5. Kwa hiyo mtoto aliyeharisha ndani ya saa 48 asicheze, na anayeishi nyumba moja na mgonjwa apumzike siku 5. Andika jina, mtaa na simu ya mzazi wa kila mchezaji, kisha piga simu hadi siku ya tano baada ya mechi ya mwisho. Bila daftari hilo, mtoto akiugua Jumatano hakuna atakayejua alikunywa wapi.

Kuwe na pakiti 20 za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), kila moja kwa lita 1 ya maji yaliyotibiwa. Zikiisha: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita 1, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, usikisie kwa kiganja.

Kosa la kawaida kiwanjani ni kudhani mtoto aliyelegea na kubanwa misuli "amechomwa na jua". Muulize kama ameharisha. Choo kama maji yaliyooshea mchele, anza ORS hapo hapo na mpeleke kituoni; mgonjwa mkali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Matapishi yamwagie klorini ya asilimia 2 (dawa ya madoa ya asilimia 3.5: sehemu 4 kwa maji sehemu 3), acha dakika 10 kabla ya kufuta, vaa glovu. Changanya mpya kila siku.

Refa_wa_Ndondo:
Mimi nasema ahirisha tu. Mnaweza kudhibiti madumu, lakini nani atadhibiti barafu za mifukoni, maembe yaliyokatwa na juisi ya ukwaju pembeni ya uwanja? Kugandisha hakuui vimelea. Lusaka Januari 2024 uwanja wa National Heroes uligeuzwa kituo cha wagonjwa wa kipindupindu na shule zikachelewa kufunguliwa. Halafu sisi tunabishana kuhusu kombe.

AfisaAfya_Kata:
Refa, bonanza nakubali liahirishwe. Mazoezi sikubali. Mtoto akikosa mazoezi atashinda kwenye vibanda hivyo hivyo, bila mtu wa kumuuliza kama ameharisha. Timu moja, dakika 60, chupa yake, hakuna chakula: hatari ndogo, na kocha anagundua mgonjwa mapema. Mkitaka mechi, timu mbili za kata moja, vipindi viwili vya dakika 25, bila matangazo ya spika wala wachuuzi.

Ila mganga mkuu wa wilaya akizuia mikusanyiko, mjadala umeisha.

Kocha_Mchangani:
Nimewaelewa. Wakichanjwa Alhamisi, Jumamosi tunaweza kurudisha watazamaji?

Muuguzi_Zamu:
Hapana. Chanjo ya kipindupindu ya kunywa inahitaji kama wiki moja ndipo kinga ijengeke, na tangu Oktoba 2022 kwenye milipuko inatolewa dozi moja badala ya mbili kwa uhaba, kwa hiyo kinga yake ni ya muda mfupi zaidi. Madumu yanabaki pale pale.

Kocha_Mchangani:
Sawa. Bonanza limesogezwa, timu za mbali nazipigia leo. Mwenye kujua bei ya jumla ya ndoo zenye koki aje PM.